Neno "suruali" limetoka wapi? Tufuate herufi L na R

Wakuu, habari zenu.

Kuna neno tunalitamka karibu kila siku bila kulitazama: suruali. Tunaifua, tunaipiga pasi, tunampelekea fundi atupunguzie urefu, lakini jina lenyewe hatuliulizi lilikotoka. Mimi nimelifuatilia kwa muda mrefu kwa sababu kila nilipouliza nilipata jibu moja kati ya mawili. Wapo wanaosema "ni Kiarabu hilo" wakaishia hapo. Wapo wanaosema "ni Kiajemi", tena kwa uhakika mkubwa, nao wakaishia hapo hapo. Pande zote mbili zina ukweli, ila hakuna aliyewahi kunionyesha neno liliingiaje Kiswahili. Baadaye niligundua kwamba ushahidi umo ndani ya neno lenyewe, na mtu anaweza kuuona kwa karatasi na kalamu tu. Ndiyo sababu ya kuleta uzi huu.

Nianze na kitu, halafu jina.

Suruali ni vazi la wapanda farasi. Suruali kongwe kati ya zile zilizowahi kupatikana zilifukuliwa katika makaburi ya Yanghai, karibu na Turpan, magharibi mwa China, na zina umri wa miaka ipatayo 3,000. Ni za sufu. Kilichonishangaza zaidi ni jinsi zilivyotengenezwa: hazikukatwa kutoka kwenye gora la kitambaa kama afanyavyo fundi wa leo. Kila kipande kilifumwa kwa umbo lake tangu mwanzo, mguu mmoja, mguu wa pili, na kipande kipana cha katikati cha kuiunganisha miguu hiyo, ili mvaaji aweze kutanua mapaja akiwa juu ya farasi bila kuchanika wala kuchubuka. Ukikitazama kile kipande cha katikati unaona kabisa kwamba aliyekibuni alikuwa na tatizo moja kichwani: paja na mgongo wa mnyama.

Kutoka kwa watu wa nyika vazi hili likawa vazi la Waajemi. Wagiriki wa kale, waliozoea nguo za kujitanda, waliliona geni kweli. Herodotus anasimulia kwamba mwaka 499 KK Aristagoras wa Mileto alikwenda Sparta kuomba msaada wa vita dhidi ya Waajemi, na katika kuwashawishi Wasparta kwamba adui ni mwepesi alitaja kuwa watu hao huenda vitani wamevaa suruali na vilemba. Suruali ilitumika kama ushahidi wa udhaifu! Warumi nao waliiona ni nguo ya washenzi wa kaskazini, mpaka mwishoni mwa karne ya 4 ikatoka sheria, enzi ya mfalme Honorius, ya kuwakataza watu kuivaa ndani ya jiji la Roma. Naamini sheria hiyo inatuambia kinyume cha ilichokusudia: kama ilibidi ikatazwe, basi tayari watu wengi walikuwa wanaivaa.

Sasa jina.

Kwa Kiajemi vazi hili ni shalvar. Wapo wanaisimu wanaolichambua neno hilo katika lugha za kale za Iran kuwa ni kitu cha kufunika paja, na kwa kweli ukikumbuka ile suruali ya Yanghai, maana hiyo inakaa vizuri. Kwa Kiarabu ni sirwal, na wingi wake ni sarawil.

Yaandike hayo mawili juu na chini, shalvar na sirwal, halafu usitazame irabu. Tazama L na R. Katika Kiajemi L inatangulia na R inafuata. Katika Kiarabu R inatangulia na L inafuata. Zimebadilishana viti. Na S ya mwanzo imechukua nafasi ya SH.

Halafu andika chini yake la kwetu: suruali. R kwanza, L baadaye, na inaanza kwa S. Liko pamoja na la Kiarabu.

Nilipoliona hilo nikaanza kuwakusanya ndugu wengine wa neno hili, na kila mmoja akaenda upande wake. Kituruki şalvar, L kwanza. Kiurdu shalwar, L kwanza. Hao wamelipata upande wa Kiajemi. Kihispania cha zamani zaragüelles, R kwanza, na Kireno ceroulas, R kwanza. Hao walikaa karne nyingi na Waarabu katika rasi yao, na neno la Kihispania linafuata kabisa ule wingi wa Kiarabu, sarawil. Kisomali surwaal, R kwanza. Hili la mwisho linatuhusu sana, kwa sababu Wasomali ni majirani zetu kwenye bahari ile ile, na neno lao na letu ni kama mapacha. Warusi wanasema sharovary, R mbili, L imepotea njiani, kwa hiyo hao kipimo hiki hakiwahusu.

Kilichobaki ni kueleza sirwal iligeukaje kuwa suruali, na hapa ndipo ninapoipenda lugha yetu kupita kiasi. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikigongana katikati ya neno kama RW, wala hakipendi neno liishie na konsonanti. Basi W ikayeyuka ikawa U, ikavuta na irabu ya kwanza nayo ikawa U: suru-. Mwishoni ikaongezwa I. Lakini kwa nini I, kwa nini isiwe U? Angalieni maneno mengine tuliyoyachukua kwa Waarabu. Kitab ikawa kitabu, hisab ikawa hesabu, ilm ikawa elimu, kalam ikawa kalamu. Hayo yameishia kwa B na M, herufi za midomo, nayo yamepewa U. Sasa mal ikawa mali, asal ikawa asali, khabar ikawa habari, safar ikawa safari. Hayo yameishia kwa L na R, herufi za ulimi, yakapewa I. Sirwal inaishia kwa L, kwa hiyo suruali. Hakuna aliyekaa kikao kupanga hivyo. Ni midomo na ndimi za watu tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: asili ya mbali ni Kiajemi, lakini aliyetukabidhi sisi ni Mwarabu. Karibuni mnisahihishe.

———

Mchangiaji: Mkuu, asante kwa uzi. Ila naona unawapunja Waajemi. Maneno ya Kiajemi katika Kiswahili ni mengi, na simulizi za Washirazi pwani ni za karne nyingi. Kwa nini wasiwe wao wenyewe walioleta neno hili moja kwa moja?

Mleta uzi: Karibu ndugu. Siwapunji hata kidogo. Pamba ina asili ya Kiajemi, na cherehani inatokana na neno la Kiajemi la gurudumu, charkh, kwa hiyo hata katika nguo mkono wao upo. Ninachosema ni kuhusu neno hili tu. Jiulize: kama mtu angesikia shalvar kutoka kinywani mwa Mwajemi, angelitamka vipi kwa Kiswahili? Kiswahili kina SH, tunasema shamba, shoka, shingo. Kina V, tunasema vua, vazi, vuli. Hakuna sauti hata moja pale ya kumshinda Mswahili. Tungepata kitu kama "shalivari", na lingekaa vizuri tu mdomoni. Hatuna shalivari, tuna suruali.

Mchangiaji: Lakini mkuu, wengi wetu tunachanganya L na R tangu utotoni. Haiwezekani walichukua shalvar halafu wakazigeuza wenyewe?

Mleta uzi: Hili ndilo swali gumu kuliko yote na nashukuru umeliuliza. Mkanganyiko wa L na R tunaoujua ni wa kuweka moja mahali pa nyingine: mtu anataka kusema "kura" anasema "kula", anataka "barabara" anasema "balabala". Sauti haihami kiti, inabadilika pale pale ilipo. Katika shalvar na sirwal zimehamishana viti, na hilo ni jambo tofauti. Pia ingebidi tuamini kwamba Waswahili walizigeuza, Wasomali wakazigeuza, Wareno wakazigeuza, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wakaangukia mpangilio ule ule ambao Waarabu walikuwa nao tayari. Mimi siwezi kuamini hivyo.

———

Mchangiaji: Naomba kusahihisha jambo moja. Umesema Kiarabu kimegeuza SH kuwa S. Si Kiarabu chote. Nimeishi na watu wa Shamu (Syria na jirani zake), na kwao hilo vazi pana linaitwa shirwal, kwa SH kabisa.

Mleta uzi: Umenisahihisha vizuri, ndugu, na naondoa hoja hiyo. Ni kweli, Shamu husema shirwal au sharwal. Maana yake ni kwamba S na SH peke yake haitoshi kutuonyesha mlango. Lakini tazama hata hilo neno lako: shirwal. R kwanza, L mwisho. Mpangilio ule haukutetereka hata pale SH iliporudi. Nitaiacha sentensi yangu ya juu ilivyo ili wasomaji waone mahali nilipokosea na nani aliyenirekebisha.

———

Mchangiaji: Katika Danieli 3:21, vijana watatu wanapotupwa katika tanuru ya moto, Biblia ya Kiswahili inasema walikuwa wamevaa suruali zao. Tafsiri nyingine za Kiingereza zinasema makoti au majoho. Nilidhani watafsiri wetu walijiongezea.

Mleta uzi: Hawakujiongezea, na asante sana kwa mfano huu maana sikuuwaza. Sehemu hiyo ya Danieli iliandikwa kwa Kiaramu, na neno lililopo pale ni sarbal. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama ni joho au suruali, ndiyo maana tafsiri hazilingani. Lakini sikia sauti yake: sarbal, suruali. R kisha L. Wanaoitafsiri kuwa suruali wanaliweka katika ukoo huu huu. Ikiwa wako sahihi, msomaji wa Kiswahili anasoma pale neno ambalo ni ndugu wa damu wa lile lililoandikwa mwanzo, jambo ambalo msomaji wa Kiingereza halipati. Na jingine: mpangilio wa R kabla ya L unakuwa wa zamani kuliko nilivyodhani. Huenda Waarabu nao waliupokea hivyo hivyo kutoka kwa majirani zao Waaramu.

Mchangiaji: Na kwa upande wetu, katika hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu nguo asizovaa mwanamume aliyehirimia kwa Hija au Umra, imetajwa kanzu, vilemba, suruali na nyinginezo. Neno lililotumika ni sarawilat.

Mleta uzi: Naam, na kuna ruhusa pia kwa asiyepata shuka ya kujifunga avae suruali. Hiyo sarawilat ni kito kwa mpenda lugha. Sarawil tayari ina umbo la wingi, halafu imeongezewa -at, alama nyingine ya wingi. Ni kama mtu aliyeliona neno halionyeshi wingi wa kutosha.

Hili lilikuwa tatizo la kweli kwa wanasarufi wa Kiarabu. Je, sarawil ni suruali moja au nyingi? Sibawayh, mwanasarufi mkubwa wa karne ya 8 ambaye yeye mwenyewe alikuwa Mwajemi kwa kuzaliwa, alieleza kwamba sarawil ni kitu kimoja, ni neno la kigeni lililofanywa la Kiarabu, na akalilinganisha na neno la matofali ya kuchoma ambalo nalo lilitoka nje. Yaani miaka zaidi ya 1,200 iliyopita mtu alikwishakaa akalishughulikia swali hili tunaloshughulika nalo sasa, na akajibu kwa ufupi kunizidi.

———

Mchangiaji: Hapo kwenye umoja na wingi. Kwa nini Waingereza wanasema "jozi ya suruali" wakati ni moja? Na sisi tulikwepaje?

Mleta uzi: Wao wanahesabu miguu. Waebrania wa kale nao walikuwa na neno la suruali za makuhani lenye umbo la uwili, kama vile macho mawili au mikono miwili. Waarabu wakapata neno lenye sura ya wingi. Ni vazi linalowasumbua watu wa lugha nyingi kwa sababu ya hiyo miguu yake miwili.

Sisi tuliliweka katika ngeli ya I-ZI na tatizo likaisha siku hiyo hiyo. Suruali yangu imechanika, suruali zangu zimechanika. Neno halibadiliki, upatanisho ndio unaosema idadi. Ukitaka mguu wake unasema mguu wa suruali. Kwa maoni yangu hakuna lugha kati ya nilizozitaja iliyolipokea neno hili kwa wepesi namna hiyo.

———

Mchangiaji: Samahani kwa swali dogo. Suruali haina uhusiano na surua?

Mleta uzi: Hapana dada yangu. Surua ni ugonjwa, ukoo mwingine kabisa, zimefanana sauti tu.

———

Mchangiaji: Mimi lugha yangu ya mama ni Kikuyu. Tunasema thuruarĩ. Nikipima kwa kipimo chako napata R mbili kama Mrusi. Je, sisi tulilipata wapi?

Mleta uzi: Swali zuri, na jibu lake limenifurahisha sana nilipokaa nalo. Kikuyu hakina sauti L, kwa hiyo lazima L igeuke R, na kipimo changu cha L na R hapo hakifanyi kazi. Lakini kuna alama nyingine. Angalia mwisho wa neno: thuruarĩ ina irabu mwishoni, wakati Kiarabu sirwal na Kisomali surwaal hazina. Irabu hiyo tuliiweka sisi. Na zile U mbili za mwanzo, zile zile za suruali. TH pale ilipokuwa S. Neno lenu lilipita Kiswahili kwanza, limebeba nembo ya Kiswahili pande zote mbili.

Mchangiaji: Kusini zaidi mambo ni tofauti kabisa. Kishona ni bhurukwa, Kizulu ni ibhulukwe.

Mleta uzi: Hayo yametoka kwa Makaburu, neno lao ni broek. Na broek ni wa ukoo mmoja na breeches ya Kiingereza. Kwa hiyo katika lugha za Kibantu peke yake kuna njia mbili: sisi wa pwani ya mashariki na majirani zetu tulipata neno la bahari ya Hindi, na wa kusini wakapata neno la Ulaya ya kaskazini. Nguo ni ile ile. Anayetaka kufungua uzi wa broek namuunga mkono.

———

Mchangiaji: Tupe na jinzi, pajama na bukta kabla uzi haujafungwa.

Mleta uzi: Haraka haraka basi, kwa sababu kila moja linastahili uzi wake.

Jinzi ni jina la mji. Ni Genoa wa Italia, ambao kwa Kifaransa huitwa Gênes, kulikotoka kitambaa kigumu cha kazi. Zile ribiti za shaba kwenye mifuko zilipewa hataza Marekani tarehe 20 Mei 1873, kwa Jacob Davis na Levi Strauss. Wazee wetu walikuwa na neno zuri zaidi la kitambaa cha namna hiyo, dangirizi. Limetujia kupitia Kiingereza, lakini Waingereza nao walilichukua India, kwa jina la kitambaa kizito cha pamba kilichoitwa dungri. Nasikitika kwamba dangirizi linapotea.

Pajama ni Kiajemi: pay ni mguu, jama ni vazi. Vazi la mguu. Likaenda India, likachukuliwa na Waingereza, wakaligeuza kuwa nguo ya kulalia, nasi tukalipokea na maana hiyo ya usingizi. Kwa hiyo ndugu yangu uliyewatetea Waajemi hapo juu, tazama kabatini, wamo.

Bukta ndiyo inayonivutia. Kulikuwa na kampuni ya Uingereza ya mavazi ya michezo yenye jina hilo hilo, Bukta, iliyoanzishwa mwaka 1879 na mtu wa ukoo wa Buck. Iliwavisha wachezaji wengi wa mpira. Mimi naamini jina la kampuni ndilo lililogeuka jina la nguo, hasa kwa kuwa bukta kwetu ilikuwa kwanza ile ya mpira, kabla ya kuwa kaptula yoyote ile ya kushinda nayo nyumbani. Mwenye hoja kinyume aje nayo.

Mchangiaji: Mimi ni fundi cherehani. Umesahau bitana.

Mleta uzi: Kweli, fundi. Bitana ni Kiarabu, kutoka kwenye neno la kitu cha ndani, cha tumboni. Ila pindo na kifungo ni vyetu, kutoka kupinda na kufunga.

———

Mchangiaji: Nimekaa nikijaribu kipimo chako kwenye lugha nyingine. Kimalei wanasema seluar. L kwanza! Lakini Wamalei wamejaa maneno ya Kiarabu kama sisi. Kitab wanayo, hisab wanayo. Nilitegemea R kwanza.

Mleta uzi: Nami nilitegemea hivyo nilipoliona mara ya kwanza. Lakini ndivyo lilivyo, seluar, L kisha R, upande mmoja na Kiajemi na Kiurdu. Kwao bahari ilileta kitabu kutoka kwa Mwarabu na suruali kutoka upande wa pili, India na Uajemi. Kwetu vyote viwili vilishuka na Mwarabu. Kama una lugha nyingine ya pwani ya bahari ya Hindi, andika neno lake hapa chini, usisahau kuonyesha ipi imetangulia.